Macho ya Mtoto wa Mshunami

Fundi Bonaventura alikuwa mtu wa mabango. Ukipita barabara ya Iguguno ukaona ukuta wa mgahawa umechorwa kuku mnene kuliko mbuzi, jua huo ni mkono wake. Na vile vichwa vitatu vya kinyozi, vyenye panki na masikio yasiyolingana, navyo ni vyake. Kwa hiyo Katekista Simoni aliposimama baada ya ibada kutangaza kwamba Fundi Bona ndiye atakayechora ukuta wa nyuma ya altare kwa ajili ya jubilei ya kigango, kina mama walitazamana, wakaziba midomo kwa kanga.

"Atatuchorea mitume wanakula chipsi kuku," alinong'ona Theodora.

Agripina, aliyekaa naye benchi moja, alicheka mpaka akajifanya anakohoa. Nyumba yake iko nyuma tu ya kigango, hatua chache kutoka mlango wa sakristia, na anaishi hapo na binti yake Jesca na mjukuu wake wa pekee, Hosea, ambaye mwaka huo alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza. Baba wa Hosea yuko machimboni, hupiga simu akikumbuka. Basi fundi alipoanza kazi, maji ya kuchanganyia rangi yalitoka kwa Agripina, chai ilitoka kwa Agripina, na mtoto wa kumsumbua fundi naye alitoka kwa Agripina.

Picha aliichagua katekista mwenyewe. Ni ile habari ya nabii Elisha na mama Mshunami. Mtoto alimfuata baba yake shambani kwa wavunaji, jua likamwingia, akasema kichwa changu, kichwa changu. Akapelekwa kwa mama yake, akakaa magotini pake mpaka adhuhuri, akafa. Nabii akaja, akapanda kitandani, akalala juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono. Mwili ukapata moto, mtoto akapiga chafya, tena na tena, akafumbua macho.

"Watu wa hapa wataielewa hiyo," alisema Simoni. "Nani hajavuna alizeti juani akaona giza?"

Fundi Bona alikuwa na kitabu cha picha alichoazimwa parokiani, kilichoachwa na padri mmoja wa zamani, jalada limeliwa na mchwa. Hosea alikilalia kitabu kile kutwa. Mlikuwa na Lazaro anatoka kaburini amefungwa sanda, na watu pembeni wameziba pua kwa nguo, jambo lililomchekesha Hosea sana. Mlikuwa na binti kitandani ameshikwa mkono, na kijana wa mjane ameketi kwenye jeneza kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Unaona, mama Jesca," fundi alimwambia Agripina siku moja, kikombe cha chai mkononi. "Hawa wachoraji wa zamani walikuwa mafundi kweli, si mimi wa kuku. Lakini wote wanakwepa. Wanamchora mtu kabla, amekauka. Au wanamchora baada, ameshakaa. Ile pumzi yenyewe inapoingia, hakuna hata mmoja aliyeichora."

"Utachoraje kitu kisichoonekana?"

"Ndiyo sababu nataka mtoto wa kweli wa kumtazama. Niazime huyu."

Agripina alisita. Kwao, tangu apate akili, mtoto halazwi chali amenyooshwa mikono pembeni, hata kwa mchezo. Akikutwa amelala hivyo, bibi yeyote apitaye humgeuza ubavu bila kumwamsha, kama mtu ageuzavyo kiazi kwenye majivu. Hakuna anayeeleza kwa nini. Wanageuza tu. Lakini hii ilikuwa kazi ya kanisa, na nabii alikuwa anamwinua mtoto, si kumzika, na Hosea mwenyewe alikuwa ameshapanda juu ya benchi na kufumba macho, pakiti ya biskuti imebanwa kwapani.

"Maiti haishiki biskuti," alisema fundi.

"Ni za baadaye, zitaliwa nikifufuka."

Basi akalazwa. Agripina akaketi karibu akichambua mchicha. Haikupita muda, maiti ikafungua kona ya mdomo.

"Bibi. Kitendawili."

"Tega, lakini usitikise kichwa."

"Kina miguu minne, hakitembei, kinakula wali."

"Ng'ombe mgonjwa."

"Ng'ombe hali wali!"

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Kinyangiri."

"Kinyangiri si ni hapa! Nipe Dodoma."

"Haya, nimekupa Dodoma na watu wake wote."

"Meza! Si inawekewa wali kila siku?"

Fundi Bona alicheka mpaka brashi ikamponyoka ikamchafua nabii ndevu.

Lakini picha ilipoanza kutokeza, kicheko kiliisha. Sijui mkono ule wa kuku ulikuwa umejificha wapi miaka yote. Nabii alikuwa mzee wa kawaida tu, mwenye visigino vilivyopasuka kama mkulima wa Mkalama, ameinama juu ya mtoto, midomo imekaribia kugusana. Na mtoto ni Hosea. Ni lile paji lake, ni yale masikio, ni lile kovu dogo la kidevuni alilolipata kwa kuanguka kwenye kinu. Rangi ya uso fundi aliichanganya na majivu, ikawa kahawia iliyokufa. Theodora alikuja kutazama ili apate la kusema, akakosa la kusema.

"Bona wewe," alitamka mwishowe. "Kumbe."

Macho fundi aliyaacha yamefumbwa, na kwa makusudi. Ilikuwa akili yake na katekista. Waumini wamwone mtoto amekufa, Jumapili baada ya Jumapili, wamzoee hivyo hivyo. Halafu usiku wa kuamkia jubilei fundi ayachore macho yamefumbuka, watu waingie asubuhi wamkute mtoto anawatazama. Katekista Simoni alilipenda wazo hilo mpaka akawa anasugua viganja. Fundi akakunja vyombo vyake, akaenda Iguguno kuandika duka la pembejeo, jubilei ikiwa bado mbali.

Jesca aliporudi kutoka shambani akaiona picha ile, hakusema neno kanisani. Alisema nyumbani.

"Mama, ulimlaza?"

"Ni picha tu, mwanangu."

"Najua ni picha. Nimekuuliza, ulimlaza chali?"

"Nilimlaza."

Jesca akachukua ndoo akaenda kuteka maji, na ndoo nyingine zote zilikuwa zimejaa.

Homa ilimwanza Hosea siku ya Alhamisi, baada ya mvua. Walikwenda zahanati, akapimwa, akapewa dawa, akazinywa. Ijumaa alikula uji kidogo akaomba kutegewa kitendawili, Agripina akaona mambo si mabaya. Jumamosi, jua halijachomoza sawasawa, degedege likampiga. Likamkunja, likamwachia, likamkunja tena. Lilipomwachia mara ya pili alibaki amelala chali kwenye mkeka, mikono pembeni, macho yamefumbwa, uso umepoteza damu mpaka ngozi ikawa kahawia yenye majivu.

Mama na binti walimtazama, na wote wawili waliona kitu kimoja. Jesca ndiye aliyekitamka.

"Ndivyo alivyo ukutani."

Agripina alitaka kumkemea. Alitaka kusema, wewe umesoma mpaka kidato cha nne, usiniletee mambo hayo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa tayari amepiga magoti anamgeuza mtoto ubavu.

"Mama," Jesca alisema, na sasa alikuwa anasema haraka, "wewe nenda naye hospitali. Mimi nakwenda Iguguno kumleta Bona. Ayafumbue yale macho leo leo."

"Wewe ndiye mama yake. Wewe uende na mtoto, mimi nimfuate fundi."

"Wewe Bona atakubembeleza, atakwambia usubiri jubilei. Mimi hatanibembeleza."

Hilo lilikuwa kweli. Agripina akamfunga mtoto mgongoni. Mpaka leo watu wakimuuliza kwa nini alimwachia binti yake aende kule na si huku, anatikisa kichwa tu. Ukweli ni kwamba aliona vyema mtu mmoja aende kila upande, na moyoni naye aliyataka macho yale yachorwe.

Bodaboda ikawafikisha kituo cha afya, na kituo cha afya, walipomwona, hawakuchelewa. Wakamchoma sindano, wakamtundikia maji, wakamwita dereva wa gari la wagonjwa. Njia nzima mpaka Singida mjini Agripina alishika chupa ya maji juu, mkono ukafa ganzi, na hakuushusha.

Wodini alipokewa na nesi aliyeitwa Catherine, dada mwembamba, mwepesi wa mikono.

"Shikamoo bibi. Mama yake yuko wapi?"

"Marahaba. Anakuja," alisema Agripina.

Malaria imepanda kichwani, aliambiwa, na damu imeisha. Ikaletwa damu ikatundikwa. Ikaletwa mashine ya hewa, ikanguruma chini ya kitanda kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Mtoto akawekewa mrija puani. Halafu ikabaki kungoja. Agripina aliuliza afanye nini. Akaambiwa akae. Akauliza amkande maji ya uvuguvugu. Akaambiwa tayari. Akauliza amshike mguu, nesi akasema mguu mshike, bibi, mguu haukatazwi. Basi akaushika. Unyayo ulikuwa na tope la kwao bado.

Akamwinamia sikioni. "Hosea. Kitendawili."

Mashine ikanguruma.

"Kitendawili, mjukuu wangu. Kutwa kucha anaingia na kutoka, na mlango hajaubisha hata siku moja." Akangoja. "Basi sema umeshindwa. Nikuombe mji. Nitaomba mdogo tu."

Nesi Catherine alikuwa anaandika joto la mwili. Akauliza, bila kuinua uso, "Ni pumzi, sivyo?"

"Ni pumzi. Lakini hukuulizwa wewe."

Nesi akatabasamu. Simu ya Agripina, ile ya vibonye, ikaita. Alikuwa Jesca, na upepo wa pikipiki nyuma yake.

"Mama, nimempata! Alikuwa juu ya ngazi. Tuko njiani. Anaendeleaje?"

"Amewekewa damu."

"Amefumbua?"

"Bado."

"Basi sisi tunafika sasa hivi."

Nesi alisikia, kwa kuwa simu ile ilikuwa inapiga kelele kuliko mwenyewe. Akauliza ni nani anayefika. Agripina, kwa uchovu na aibu, akamweleza yote: ukuta, nabii, majivu kwenye rangi, macho. Alitegemea achekwe. Nesi hakucheka. Alivuta kiti akakaa kidogo.

"Chuoni kwetu mwalimu alituonyesha picha za zamani, bibi, za waganga wa Ulaya wanavyofufua watu. Aliyekufa maji walimlaza kifudifudi juu ya pipa, wanalibingirisha mbele na nyuma. Wengine walimweka juu ya farasi, farasi akakimbizwa. Na wengine, utanisamehe, walimpuliza moshi wa tumbaku. Kwa nyuma."

"Kwa nyuma wapi?"

"Huko huko unakofikiri."

"Jamani!" alisema Agripina, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, kikamwumiza kifuani. "Na walipona?"

"Labda mmoja mmoja, kwa bahati. Halafu mwalimu akatuonyesha hiyo ya nabii wenu. Akasema hao wote na mapipa yao walihangaika bure, na jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa pale siku nyingi. Kinywa kwa kinywa."

"Kwa hiyo nabii alijua."

Nesi akasimama, akagusa shingo ya mtoto kwa vidole viwili, akakaa hivyo muda. "Sisi tuna mpira wa kupumulisha siku hizi," alisema. "Lakini kazi ni ile ile, bibi. Na hata kwetu si kila mara."

Agripina alikumbuka mama yake mzazi, ambaye alikuwa mkunga. Mtoto akizaliwa kimya, mama yake alimnyunyizia maji ya baridi, akapiga beseni la bati karibu na sikio lake, akamwita majina ya ukoo mzima, waliopo na waliokwenda. Wengine walilia. Wengine walifunikwa na kanga ile ile iliyokuwa imeandaliwa kuwapokea. Mama yake hakusema kamwe kwamba yeye ndiye aliyewarudisha wale waliolia. Alinawa mikono tu, akaomba uji.

Simu ikaita tena. Wamefika. Watu wamejaa kanisani, katekista amegonga kengele. Lakini rangi nyeupe imekauka kwenye kopo, Theodora amekimbilia dukani, duka limefungwa, mwenye duka yuko msibani. Halafu ikaita tena. Rangi imepatikana, ni mabaki ya mtu aliyepaka mlango, yamekombwa koponi. Bona amepewa maji akae kwanza. Kila mara Jesca aliuliza neno moja, na kila mara Agripina alijibu bado.

"Mwambie asiharakishe akakosea," alijikuta anasema, na akajishangaa.

Alasiri, wakati jua limehamia kwenye dirisha la wodi, mguu ulio mkononi mwake ulijikunja mara moja, ukalegea. Hakuelewa ni nini kilichobadilika. Ni nesi aliyeelewa. Alifika kabla Agripina hajafungua mdomo, akatupa mto pembeni, akaita jina la daktari kwa sauti ambayo hakuwa nayo mwanzoni.

"Bibi, simama ukutani."

Akasimama ukutani. Nesi aliinama juu ya Hosea, akamwinua kidevu, akamfunika mdomo na pua kwa kikombe cha plastiki chenye mpira, akaubinya. Daktari kijana akaja mbio akaanza kukandamiza kifua kwa kiganja kimoja, akihesabu chini chini. Kiganja, kiganja, kiganja, kisha mpira. Uso wa nesi ulikuwa karibu sana na uso wa mtoto, jasho lake likamdondokea Hosea kwenye paji. Visigino vyake vilikuwa vimetoka kwenye kandambili.

Agripina aliona kifua kikiinuka. Alikiona vizuri kabisa, kile kitu ambacho Bona alisema hakuna aliyekichora. Mpira ukibinywa, kifua kinapanda, mbavu zinatanuka, kama mtoto aliyelala usingizi wa shibe. Mpira ukiachiwa, kinashuka. Akasubiri kiinuke chenyewe. Akawa anakisukuma kwa macho, kwa meno, kwa mabega yake mwenyewe. Alikuwa anavuta pumzi kubwa kubwa pale ukutani mpaka kizunguzungu kikampata, kana kwamba ingeweza kuvuka chumba. Alitaka kupiga beseni. Hapakuwa na beseni. Akaanza kuita majina kwa Kinyiramba, la baba yake, la babu yake, la yule shangazi mkorofi, na hakuna aliyemkataza, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Walijitahidi muda mrefu. Daktari alipochoka, nesi alimpokea, na nesi alipochoka wakabadilishana tena. Mwishowe daktari akaacha kuhesabu. Nesi Catherine akaubinya mpira mara nyingine, polepole, kifua kikapanda, kikashuka, kikatulia.

"Bibi," alisema.

"Ubinye tena."

Nesi akabinya tena, kwa ajili yake tu. Kisha akauondoa.

Simu ilikuwa inaita. Haijulikani ilikuwa imeita mara ngapi. Agripina aliitoa kifundoni mwa kanga, akaipokea, na wodi ikajaa nyimbo. Ilikuwa kwaya nzima, na kayamba, na vigelegele vya Theodora ambavyo angevitambua popote.

"Mama!" Jesca alikuwa analia na kucheka. "Ameyamaliza! Mama, ungeyaona! Anatazama, mama, anatazama kabisa, ni Hosea mtupu! Watu wamepiga magoti. Sema, mama. Amefumbua?"

Agripina alimtazama mjukuu wake. Nesi alikuwa anamfuta uso kwa pamba, taratibu, kuzunguka kovu la kidevu.

"Mama? Unanisikia?"

Alifungua mdomo. Aliona wazi kabisa binti yake amesimama mbele ya ukuta ule na simu sikioni, na nyuma yake watu wote, na hapakuwa na mtu hata mmoja kati yao aliyemshika.

"Nipe Bona," alisema.

"Bona? Wa nini? Haya, ngoja, amejaa rangi huyu... Bona! Mama anataka kukushukuru!"

Simu ikapita mikononi mwa watu. Kisha sauti ya fundi, imekauka. "Mama Jesca. Shikamoo. Nimejitahidi. La kushoto limezidi kidogo, nitalirekebisha, lakini..."

"Bonaventura, mwanangu."

Hata kwa simu ile mbovu, Agripina alisikia pumzi yake.

"Ametutoka sasa hivi," alisema. "Hapana, usimtazame Jesca usoni bado. Weka brashi chini kwanza. Umeweka? Sasa mwendee umshike mkono, mikono yote miwili, umkalishe kwenye benchi. Mwite Theodora akae upande wa pili. Ndipo umwambie. Usimwambie akiwa amesimama."

"Mama, mimi siwezi. Mimi ndiye niliyemchora vile."

"Na mimi ndiye niliyemlaza. Nenda."

Hakukata simu, wala fundi hakukata. Agripina akakaa kitandani pembeni ya mtoto, simu sikioni, mkono mwingine ukautafuta mguu. Alisikia nyayo. Alisikia benchi likikwaruza sakafu. Kwa muda wimbo ulizidi kupanda, kisha ukaanza kukatika. Kwanza zilinyamaza sauti za karibu, kisha kayamba, kisha upande mzima wa wanaume. Jesca alikuwa bado hajapiga yowe. Kule nyuma, pengine mlangoni, alibaki mama mmoja ambaye habari ilikuwa haijamfikia, anaimba peke yake kwa furaha, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumgusa bega.